Filamu Iliyomzika Shemeji

Ni mimi niliyempeleka mwenye kamera kwa yaya yangu, dada yangu mkubwa. Watu wa Butembo wanaojua mambo haya huanza kwa kumlaumu président wa ciné-club yetu, nami huwaacha waseme, kwa sababu napenda kusikia akilaumiwa. Lakini njia ya kufika kwa yaya alionyeshwa na mimi, na siku ile kule Beni mimi ndiye niliyepuliza moto.

Ninafundisha Kifaransa katika shule moja ya sekondari. Nakaa Bulengera, hapa Butembo, na kwa miaka minne kila Jumamosi mchana nilitembea kwa miguu mpaka ukumbi mmoja nyuma ya parokia, mahali ciné-club ilipoonyeshea filamu zake. Tulikuwa watu ishirini hivi, na wakati mwingine arobaini kama mvua haikunyesha. Projecteur ilikuwa ya mmoja wetu. Shuka nyeupe ya kuonyeshea tuliazima kwa masista. Groupe, jenereta ya umeme, iliwekwa mbali, nyuma ya ukuta, ili ngurumo yake isifunike sauti. Filamu ikiisha tulifungua madirisha na débat ilianza. Mimi nilipenda débat kuliko filamu yenyewe. Wiki nzima nilikuwa nasahihisha daftari za watoto. Jumamosi kulikuwa na mahali ambapo mtu mzima aliniuliza nafikiri nini.

Au ndivyo nilivyojiambia. Wanawake tulikuwa watatu: mshonaji mmoja, muuguzi mmoja, na mimi. Mimi walinichagua kuwa secrétaire kwa sababu nina mwandiko mzuri. Mshonaji walimpa kazi ya chai. Muuguzi hawakumpa kazi, lakini kila mara mtu alipotaka kujua kwa nini wanawake wa mji hawaji kwenye sinema, alimgeukia yeye, kana kwamba ndiye aliyewafungia nyumbani.

Kazi yangu ilikuwa kuandika rapport ya kila Jumamosi: filamu ilisimulia nini, nani alisema nini. Siku moja wakati wa likizo niliketi nikasoma rapport za mwaka mzima, moja baada ya nyingine. Nikagundua kitu ambacho macho yangu yalikuwa yameshakiona mara nyingi bila mimi kukijali. Katika filamu zote zile, hakuna mwanamke hata mmoja niliyemwandika akifanya kazi yake mpaka akaimaliza. Kama ni daktari, simu inalia, anamwacha mgonjwa na kumkimbilia mwanaume. Kama ni mchuuzi, tunamwona sokoni kwa dakika moja, kisha yuko kitandani analia. Wengi hawakuwa na kazi kabisa. Kazi yao ilikuwa kufa mapema ili mwanaume apate sababu ya kulipiza kisasi. Nikamkumbuka mama yetu kule Musienene. Baba alipokufa, mama alilia siku zote za matanga, na matanga yalipokwisha alirudi kwenye shamba lake la viazi kwa sababu vilikuwa vimefika wakati wa kuvunwa. Sijawahi kumwona mwanamke kama yeye kwenye shuka ile ya masista.

Nikapendekeza tuwe na mwezi mzima wa kuzungumzia jambo hilo. Président alifurahi sana. Alikuwa mwanaume wa miaka arobaini na kitu, mwenye sauti laini, aliyesoma kidogo mambo ya picha kule Kampala, na alikuwa na kamera yake mwenyewe. Aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: MWANAMKE KATIKA SINEMA. Chini yake akaandika majina ya watu watatu watakaokaa mbele kuongoza mazungumzo. Wote walikuwa wanaume.

Mshonaji aliweka birika chini. “Na sisi banamuke?”

“Ninyi mutajibu maswali, mama,” président alisema. “Tunawategemea.”

Jumamosi ile ya kwanza wanaume watatu walizungumza karibu saa nzima. Mmoja alisema mwanamke ni ua. Mwingine, mwalimu wa falsafa, alisema mwanamke ni kioo cha jamii. Mimi niliandika yote, ua na kioo, mpaka mkono ukaanza kuniuma, kisha nikanyanyuka bila kupewa ruhusa. Nikawaambia kwamba nina yaya yangu kule Beni ambaye si ua wala kioo. Nikawasimulia habari zake. Sikuwa nimepanga kusema, ndiyo sababu nilisema vizuri.

Yaya ananizidi miaka saba. Aliolewa Beni na mwanaume wa Lubero, na wakanunua pamoja shamba la kakao nje ya mji. Miaka ya mauaji ilipofika walikimbilia mjini pamoja na watoto, kama watu wote wa upande ule. Bwana yake akaenda Bunia kutafuta kazi ya miezi mitatu. Akapata kazi, akapata na mwanamke mwingine, na hakurudi. Yaya alibaki na watoto wanne. Pakitulia kidogo, alikuwa akienda shambani na wanawake wengine, wanatoka asubuhi, wanavuna, saa nane wako njiani kurudi. Mara mbili walikuta kakao imeshavunwa na wenye bunduki. Akaanza pia kununua kakao ya majirani na kuiuza kwa wafanyabiashara wakubwa. Alikuwa anachukua punje, anaikata katikati kwa kisu kidogo, anaiangalia, anainusa, kisha anamwambia mwanaume aliyemletea gunia: “Hii ulianika siku mbili tu. Rudisha kwa jua.” Na mwanaume anarudisha.

Nilipomaliza, président alinisubiri mlangoni.

“Madame,” akasema, “yaya yako ni film muzima.”

Nilijivuna. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli: njia nzima ya kurudi Bulengera nilijivuna kama mtu aliyesifiwa sura.

Yaya hakutaka. Kwenye simu aliniuliza, “Hiyo film itanisaidia nini?” Nikamwambia itasaidia watu waone mwanamke anayefanya kazi. “Sawa,” akasema, “juu ya wewe.” Tulipanda taxi asubuhi moja, président na mimi na begi la kamera, na kabla ya saa sita tulikuwa Beni.

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri. Yaya alikuwa amevaa kikwembe kipya cha bluu na kitambaa chake kichwani. Aliketi mbele ya magunia ndani ya depo yake na akasema kwa saa tatu. Alieleza namna kakao inavyofunikwa kwa majani ya migomba ili ichache, na kwa nini aliye na haraka anaiharibu. Alieleza jinsi wanunuzi wanavyocheza na mizani, na akaonyesha kwa mguu wake mahali wanapokanyaga. Alicheka. Alipofika kwa bwana yake hakushusha sauti. “Bwana yangu alienda Bunia, hakurudi. Eko na mwanamuke ingine kule, beko na mutoto. Muandike vile vile. Mi siko na haya, haya ni yake.” Président alirekodi yote. Jioni alisema amechoka lakini amefurahi.

Usiku ule lazima alifikiri, kwa sababu asubuhi alikuja na maneno mengine.

“Mama,” alimwambia yaya, “ile kikwembe ni mupya sana. Batu batawaza uko tajiri.”

“Njo kitu natafuta,” yaya akajibu. “Juu ya nini nifiche?”

Président aliniangalia. Nikasema, “Yaya, ni ya film tu.” Akaingia ndani akavaa kikwembe cha kulimia. Kisha président akamwomba atoke depo, akae kwenye mlango wa jiko nyuma ya nyumba, kwa sababu mwanga wa pale ulikuwa bora. Akamwomba akumbuke siku walizokimbia. Yaya alikaa, akakumbuka. Nilimwona anakumbuka, namjua. Lakini uso wake ulibaki mkavu.

“Mama, hapana ogopa kulia,” président akasema kwa ile sauti yake laini.

“Nilishaka lia ile mwaka,” yaya akasema. “Sasa niko na kazi. Kuko bantu bananingoja na magunia.”

Président alizunguka kamera yake, akainama, akanyanyuka. Kisha akanisogelea na kunong'ona: “Madame, kwa jiko iko kuni zenye hazijakauka? Tuweke moto. Apike kidogo, itakuwa naturel.”

Nilielewa papo hapo. Mtu asiniambie kwamba sikuelewa. Nilienda kwenye rundo la kuni, nikachagua zilizonyeshewa mvua, nikaziweka jikoni, nikapiga magoti na kupuliza. Moshi ulipanda mweupe na mzito. Yaya alikohoa, akapepesa macho, machozi yakaanza kumtoka mashavuni, na kamera ikamsogelea mpaka karibu na pua. “Ni muzuri sana,” président alikuwa anasema. “Ni muzuri sana, mama, baki vile.”

Kwa nini nilifanya? Nimejiuliza miaka hii yote. Jibu ninalopata ni dogo na la aibu: nilitaka filamu iishe vizuri, na nilitaka yule mwanaume aendelee kuniona kuwa mtu anayeelewa sinema.

Filamu ilikuwa tayari baada ya miezi mitano. Dakika kumi na nane. Président aliamua ionyeshwe kwa mara ya kwanza katika mwezi wa Machi, mwezi wa wanawake, na safari hii ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama nje kwenye madirisha. Yaya alitoka Beni asubuhi na ndizi za kuniletea. Alikuwa amevaa kile kikwembe cha bluu. Tulimkalisha mstari wa mbele, nami nilikaa kando yake na daftari langu.

Filamu ilianza na barabara tupu na ukungu. Kisha uso wa yaya, mkubwa kuliko mlango, na machozi yakishuka. Kisha sauti. Haikuwa sauti ya yaya, ilikuwa ya président mwenyewe, ya chini, ya polepole. Alisema huyu ni mama mmoja kati ya mamia. Alisema vita ilimchukulia kila kitu. Alisema: “Bwana yake alitoka siku moja, na hakurudi tena.” Na aliposema hivyo, kwenye shuka ikaonekana misalaba ya mbao iliyopangwa kwenye nyasi, misalaba ambayo sikujua aliipigia wapi. Kisha uso wa yaya tena. Kisha mikono yake ikishika sufuria. Kisha uso. Kwa dakika kumi na nane yaya hakusema neno lolote. Depo haikuonekana, wala gunia, wala kisu, wala punje moja ya kakao.

Watu walilia. Mwanamke mmoja nyuma yetu alikuwa anapenga kamasi. Mimi sikuthubutu kugeuza shingo upande wa yaya.

Madirisha yakafunguliwa. Président alipanda mbele, watu wakapiga makofi, akamwonyesha yaya kwa mkono wazi. “Mama mwenyewe eko hapa. Mama, ulijisikia namna gani kujiona?”

Yaya alisimama. Alichukua muda kujifunga vizuri kikwembe chake.

“Mi nilisema saa tatu,” akasema. “Maneno yangu iko wapi?”

Watu walicheka kidogo, kwa upole, wakidhani ni mzaha.

“Mama,” président akasema, “silence yako inasema kuliko maneno.”

Wakapiga makofi tena. Makofi yale nimeyaandika kwenye rapport, na nimeandika pia nani waliopiga.

Yaya alingoja yaishe. “Ile silence haina yangu. Ni yako. Wewe njo ulininyamazisha. Na ile machozi haina ya kulia, ni ya moshi. Na bwana yangu hakukufa. Eko Bunia, anakula, anashiba.”

Sasa hakuna aliyecheka. Président alitabasamu kama mtu anayemvumilia mgonjwa. Alieleza kwamba sinema haisemi mambo ya mtu mmoja, inasema ya wote. Kwamba yaya, kwenye shuka ile, hakuwa tena yaya, alikuwa Mwanamke. Mwalimu wa falsafa akaomba neno. Alizungumza juu ya heshima ya mwanamke wa Kivu kwa muda mrefu sana. Alipokuwa bado anazungumza, yaya alichukua mfuko wake, akapita mbele yake na kutoka.

Nilimkuta barabarani akitafuta moto, pikipiki ya kumrudisha kwenye taxi za Beni.

“Wewe ulijuaka?” akaniuliza.

“Ya moshi nilijua,” nikasema. “Ya misalaba sikujua.”

Aliniangalia kwa muda. “Ya moshi ulijua,” akasema, kana kwamba anajifunza somo. Kisha akapanda moto.

Mambo yangeishia hapo, na mimi ningebaki na aibu yangu tu, lakini filamu ilianza kutembea. Mtu aliikata vipande, akavitia kwenye simu. Ndani ya wiki chache uso wa yaya wenye machozi ulikuwa Butembo nzima na Beni nzima. Watu walianza kumpa pole sokoni. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu mwenye duka karibu na msikiti, ambaye alikuwa akinunua kakao yake kwa miaka mingi, alimtumia mchele na sukari ya matanga. Yaya aliurudisha mchele. “Papa, hapana,” alimwambia, “hakuna kilio kwangu.” Alinisimulia hilo nilipompigia simu, na bado alikuwa anacheka, ingawa si kama zamani.

Kisha kipande kile kikafika Lubero, kwa jamaa ya bwana yake.

Shemeji mkubwa, kaka ya bwana wa yaya, alituma neno: wanataka kumwona. Yaya aliniita. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita tangu siku ya ukumbi, na alisema maneno machache tu: “Wewe ulileta kamera. Utakuja kueleza.”

Kabla ya kwenda nilienda kwa président. Nilimwomba vitu viwili: aiondoe filamu kwa watu, na aandike karatasi inayosema kwamba maneno yale na misalaba ile ni vyake, si vya yaya. Alinikaribisha vizuri, akaniwekea kiti. La kwanza alikataa. Filamu ilikuwa imeshachaguliwa kuonyeshwa nje ya nchi, alisema, na kazi iliyochaguliwa haiguswi. La pili alikubali, akaandika palepale kwa Kifaransa kizuri kwamba filamu ni kazi ya ubunifu na kwamba yaliyomo yasichukuliwe kuwa ukweli wa mtu yeyote. Akapiga muhuri wa ciné-club. Aliponisindikiza alisema, “Tena kama mama anataka, tutapanga débat juu ya ile jambo. Itakuwa débat muzuri kabisa.”

Lubero kulikuwa na baridi na ukungu mpaka saa nne. Tulipokewa kama wageni. Walituwekea maharagi na viazi, tukala, tukashukuru kwa Kinande, “wasingya,” kila mtu kwa zamu yake. Shemeji mkubwa alikuwa mtu mzima mpole, mwenye koti nene. Alisubiri sahani ziondolewe. Kisha akachukua simu yake, akaiweka mezani, akatuonyesha uso wa yaya na misalaba.

“Ndugu yangu alikufaka siku gani?” akauliza.

“Hakukufa,” yaya akasema. “Munajua hakukufa. Munasemaka naye kwa simu.”

“Lakini wewe ulisema alikufa.”

“Sikusema. Sikilizeni muzuri. Ile sauti ni ya mwanaume.”

“Sauti ni ya mwanaume,” shemeji akakubali. “Lakini uso ni wako.”

Hapo nilitoa karatasi. Nilieleza kama ninavyoeleza darasani, polepole: kwamba mtengenezaji wa filamu anaweza kuweka picha moja kando ya nyingine na watu wakaona jambo ambalo hakuna aliyelisema. Shemeji aliisoma karatasi mpaka kwenye muhuri, akarudi mwanzo, akaisoma tena.

“Donc ni uongo,” akasema.

“Ni ubunifu,” nikasema.

“Madame, mimi si mutu wa masomo mengi. Kama ndugu yangu amekufa, shamba la kakao linarudi kwa bakaka yake. Kama hajakufa, bibi yake amemuzika akiwa muzima mbele ya dunia nzima. Mwanamuke wa namna ile, hatuwezi tena kumuachia shamba letu.”

Yaya hakuangalia karatasi. Aliuliza jambo moja tu. “Yeye mwenyewe anasema nini?”

Shemeji akapiga simu Bunia, akaweka sauti juu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti ya yule mwanaume baada ya miaka sita. Kaka yake alimweleza kwa Kinande kwamba yaya yuko pale. Nyuma yake mtoto mdogo alikuwa analia. “Mufanye kama munaona,” akasema. “Mimi nilishakufa, au hapana?” Akacheka, na simu ikakatika.

Njia nzima ya kurudi Butembo yaya alifumba macho, lakini hakulala.

Tulijaribu. Mwanasheria mmoja wa Beni alitupokea na kutusikiliza. Karatasi ya shamba ilikuwa na jina la bwana peke yake. Ndoa yao ilifungwa kwa mahari na kanisani, wala hawakupita kwa bourgmestre wa serikali kuiandikisha, kwa sababu siku zile nani alipita? Mwanasheria alikunja faili na kusema kesi itakuwa ndefu na haoni mwisho mzuri. Wiki iliyofuata mtoto wa shemeji mkubwa alifika na watu wawili, wakavuna kakao iliyoiva na ile ambayo haijaiva. Yaya alipopata habari kwamba wameivuna na ile mbichi, hapo ndipo alipolia. Sikuwepo. Binti yake ndiye aliyenieleza.

Bila shamba, depo haikukaa muda mrefu. Watu waliomletea magunia walikuwa wanamjia kwa sababu alikuwa mkulima mwenzao. Sasa wakaanza kupita mlangoni pake kwenda kwa wengine. Yule mfanyabiashara wa karibu na msikiti alimpa kazi dukani kwake ya kuchambua punje, nzuri huku, mbaya huku. Ni mtu mwema. Lakini yaya alikuwa akimuuzia kakao, na sasa anamfagilia duka.

Mimi niliandika rapport yangu ya mwisho. Niliweka ndani yake kila kitu: saa tatu, kikwembe, kuni, misalaba, Lubero, simu ya Bunia. Nikaandika na jina langu mahali palipohitajika, kwenye sentensi ya kuni. Jumamosi niliisoma kwa sauti mbele ya wote, kama sheria yetu ilivyotaka. Président alisema ni maandishi mazuri lakini si rapport, na akaomba kurasa zile zitolewe kwenye daftari la club.

“Sitazitoa,” nikasema.

“Basi tutachagua secrétaire mwingine.”

Wakamchagua mshonaji. Aliangalia daftari mezani, akaangalia birika lake. “Mimi nitaenda nyumbani,” akasema, na akaenda. Muuguzi alimfuata. Nikabaki mimi, nikakusanya kalamu zangu bila haraka, nikatoka nikiwa na daftari kwapani. Hakuna aliyenizuia. Nilipofika kwenye lango nilisikia groupe ikiwashwa; walikuwa wanaanza filamu ya siku hiyo.

Ciné-club bado ipo. Kila mwaka, ukifika mwezi wa wanawake, wanabandika tangazo kwenye ukuta wa parokia, MWANAMKE KATIKA SINEMA, na picha wanayoweka ni ya yaya, machozi mashavuni. Mara mbili nimelibandua kwa mkono wangu mchana kweupe, mbele ya watu. Wanafunzi wangu waliniona. Mmoja aliniuliza darasani kwa nini, nikamweleza, na niliona kwamba alisikitika, na niliona pia kwamba alitaka kuitafuta ile filamu.

Watu wananiambia yaya amenisamehe. Nikimpigia anapokea. Ananiuliza afya, ananiuliza masomo, anasema mvua imekuwa nyingi au imekuwa kidogo. Nikienda Beni ananipa chakula na kitanda. Lakini zamani alikuwa hawezi kufika Butembo bila kulala kwangu Bulengera, tukizungumza mpaka mmoja wetu asinzie katikati ya neno. Siku hizi napata habari kwa watu wengine. Wananiambia, “Madame, tulimuona yaya yako juzi hapa kwa soko, alikuwa ananunua maharagi.” Nami nasema ndiyo, alipita, kana kwamba nilijua.